Laptop na kibodi ya kuandikia kutwa nzima, Mtwara: ninunue nini kwa 1,200,000?

Mnukuzi Shangani

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba ushauri wa kompyuta na kibodi kwa kazi ya kunukuu mahojiano ya utafiti. Unasikiliza sauti, unaandika kila neno kama lilivyotamkwa, saa sita mpaka nane kwa siku, siku tano za wiki. Maandishi karibu yote ni Kiswahili, na vipande vya Kimakonde na Kimwera ndani yake. Programu ni LibreOffice Writer, kivinjari chenye tabu kama kumi, na kicheza sauti. Hakuna gemu wala video.

Chumba kipo Shangani, upepo wa bahari unaingia moja kwa moja. Umeme hukatika bila taarifa. Meza ni ya mbao yenye kimo cha sentimita 76, kiti ni cha plastiki. Urefu wangu ni sentimita 160. Laptop ya sasa ni ya inchi 15, Core i3 ya kizazi cha 5, naandikia kibodi yake yenyewe. Ikifika jioni kidole kidogo cha kushoto kinauma kuanzia ukingo wa kiganja, na mabega yamekaza.

Bajeti ni 1,200,000 kwa kila kitu. Nichukue laptop au kompyuta ya mezani? Kibodi zile zilizogawanyika katikati zinasaidia kweli, au ni mapambo? Natanguliza shukrani.

---

Kusi

Mkuu, kwa kazi uliyoieleza usiache zaidi ya theluthi mbili ya hiyo pesa iende kwenye kompyuta. Kunukuu hakuchoshi prosesa, kunachosha mikono. Watu wengi hununua mashine kali, halafu wanaiweka juu ya meza ileile na maumivu yanabaki palepale.

Laptop au ya mezani? Kwa umeme wetu, laptop. Kompyuta ya mezani na skrini yake hula wati 60 hadi 100. UPS (kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika) ya kawaida ya 650VA huwa na betri moja ya volti 12, 7Ah, yaani wati-saa 84 (84Wh) za kwenye karatasi. Ikikamuliwa kwa kasi hiyo unapata kama nusu tu, kwa hiyo ni dakika 20 au 30 za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Laptop ya ofisi ukiwa unaandika tu hula wati 7 hadi 10.

Tafuta laptop za mtumba zilizotoka maofisini. ThinkPad T480 ya Lenovo ingekufaa sana, na sababu kubwa ni betri. Ina betri mbili: ya ndani ni 24Wh, ya nje ni 24, 48 au 72Wh, na ya nje unaichomoa mashine ikiwa inawaka kwa sababu ya ndani inashikilia. Ukiwa na ya nje ya 48Wh, hata zote mbili zikiwa zimechoka hadi asilimia 70, bado unabaki na 50Wh hivi, sawa na saa tano au sita za kuandika. Ina nafasi mbili za RAM (kumbukumbu ya kazi), na vitufe vyake vinashuka takriban milimita 1.8, tofauti na laptop nyembamba za siku hizi ambazo kidole kinagonga chini mapema. HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 5490 nazo ni nzuri na zina nafasi mbili za RAM, ila betri yao iko ndani, mpaka ufungue skrubu. ThinkPad T490 ina RAM iliyochomelewa kwenye bodi na nafasi moja tu ya kuongeza. ThinkPad X280 yote imechomelewa, kwa hiyo ukiuziwa ya GB 4 utabaki nayo hivyohivyo.

RAM iwe GB 8 kwa uchache, 16 ukipata. SSD ya GB 256 inatosha, sauti za mahojiano weka kwenye diski ya nje.

Usishuke chini ya Intel kizazi cha 8. Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa upande wa Intel, prosesa za kuanzia kizazi hicho. Kuna wauzaji wanaoilazimisha Windows 11 kwenye kizazi cha 6 kisha wanakwambia "hii ni mpya". Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, soma jina la prosesa. i5-8350U ni kizazi cha 8, i5-10210U ni cha 10, i5-6300U mrudishie mwenyewe.

Kabla ya kulipa, fanya haya palepale dukani:

Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport. Itakuonyesha ilipohifadhi ripoti. Ndani yake linganisha DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Betri ya mWh 24,000 iliyobaki na 15,000 ipo kwenye asilimia 62, hiyo bado inafanya kazi. Ikishuka chini ya nusu, omba punguzo au wakubadilishie.

Izime, iwashe, ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka): F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Ikidai nenosiri la msimamizi na muuzaji halijui, achana nayo hata kama bei inavutia. Kisha iunganishwe na intaneti na Windows ifutwe na kuwekwa upya kabisa. Ikikukaribisha kwa jina la kampuni ya Ulaya na kudai barua pepe ya kazini, ujue bado imesajiliwa kwa mwenyewe wa zamani na kila ukiifuta itarudi hapohapo.

Kwa T480, chomeka chaja kwenye kila tundu la USB-C, moja baada ya jingine. Toleo la zamani la programu ya ndani ya chipu ya Thunderbolt lina kasoro ambayo mwishowe hulifanya tundu liache kutambua vifaa. Lenovo walitoa marekebisho kwenye tovuti yao. Tundu likiwa bado linafanya kazi, yaweke siku hiyohiyo uliyonunua.

Mwisho, fungua Notepad ugonge vitufe vyote, kimoja kimoja. Za kutoka Ujerumani zina Z na Y zimebadilishana nafasi, na wauzaji hubandika stika juu. Unaweza kuipanga Windows isome kwa mpangilio wa Marekani, lakini stika zikibanduka na huandiki bila kutazama, utateseka.

Kingine cha lazima: kwenye Lenovo Vantage (programu ya mipangilio ya laptop za Lenovo) weka kikomo cha chaji asilimia 80 kwa siku unazoshinda kwenye umeme. Joto la pwani likikutana na betri iliyojaa muda wote, betri inakufa mapema. Na LibreOffice huhifadhi nakala ya dharura kila dakika 10. Nenda kwenye mipangilio ya Load/Save ushushe iwe 2.

Kibodi nawaachia wengine, ila neno langu ni moja: kwa chumba kinachopigwa na chumvi, chukua ya utando wa mpira, isiyo na swichi yenye vyuma vya kugusana chini ya kila kitufe.

---

Mbuyu wa Mikindani

Kusi amemaliza upande wa mashine. Mimi nianze na meza, kwa sababu mabega yaliyokaza ni ya meza.

Kaa wima, acha mikono ining'inie, kunja viwiko nyuzi 90. Pima kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko. Mtu wa sentimita 160 kwenye kiti cha kawaida huangukia karibu na 63 hadi 66. Vitufe vinatakiwa viwe kwenye kimo hicho. Wewe una meza ya 76, na juu yake laptop yenye unene wa sentimita 2. Maana yake kutwa nzima umepandisha mabega zaidi ya sentimita 10 ili vidole vifike juu. Hakuna kibodi duniani itakayorekebisha hilo.

Dawa ni mbili. Panda wewe: mto mgumu au kiti cha kupandisha, kisha ubao chini ya miguu wa kimo kilekile ulichoongeza, nyayo zikae bapa. Bila huo ubao, ukingo wa kiti unabana nyuma ya mapaja na miguu inakufa ganzi. Au mpe fundi seremala akutengenezee meza ya sentimita 63: kimo cha kiwiko, toa unene wa kibodi. Kukata miguu ya meza uliyonayo ni rahisi zaidi, ila pima mara mbili, na hakikisha magoti bado yanapita chini.

Laptop yenyewe ipande juu ya stendi au vitabu mpaka ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho, umbali wa urefu wa mkono, sentimita 50 hadi 70. Usizibe matundu ya hewa chini. Hapo ndipo kibodi ya nje inakuwa ya lazima, maana ukiandikia ya laptop, ama shingo inainama ama mabega yanapanda.

Sasa kidole kidogo. Hapa ndipo Kiswahili kinatofautiana na ushauri mwingi uliopo mtandaoni, ambao umeandikwa kwa ajili ya watu wanaoandika Kiingereza. Chukua sentensi hii: "Wanafunzi wanapaswa kuandika makala." Ina herufi 32, na 11 kati yake ni A. Theluthi moja! Na A inagongwa na kidole kidogo cha kushoto, kidole dhaifu, ambacho kinabeba pia Shift, Tab, Caps Lock na Ctrl ya kushoto. Mtu atakwambia uhamie mpangilio mwingine wa herufi kwenye kibodi, wa Dvorak au Colemak. Kwa Kiingereza kuna mantiki, kwetu hapana: mipangilio yote miwili imeiacha A palepale chini ya kidole hichohicho.

Kwa hiyo mpunguzie huyo kidole mzigo mwingine wote. Herufi kubwa ya upande wa kushoto, tumia Shift ya kulia. Ctrl+C na Ctrl+V, tumia mikono miwili, au hamishia Ctrl kwenye Alt ya kushoto kwa PowerToys, programu ya Microsoft, ili kidole gumba kiibebe. Usiutandaze mkono na kunyoosha kidole kuifuata Shift. Nyanyua mkono mzima uende nao.

Punguza pia idadi ya kugonga. Kwenye kunukuu unaandika "Mhojiwa:" mara mamia kwa siku. Weka kwenye AutoHotkey, programu inayogeuza vifupisho kuwa maneno kamili, mstari kama ::mhj::Mhojiwa: na mwingine wa ::kws::kwa sababu. Chagua vifupisho ambavyo si maneno, la sivyo vitajigeuza katikati ya sentensi. Na pedali ya mguu ya USB ya kusimamisha na kurudisha sauti nyuma inaondoa kazi nzima kwenye vidole. Express Scribe, kicheza sauti cha wanukuzi, inaikubali. Kwa mnukuzi ningeiweka pedali mbele ya kibodi ya bei kubwa.

Kuhusu kibodi iliyogawanyika: si mapambo. Kibodi ya kawaida inakusanya mikono katikati ya kifua, kisha vifundo vya mikono vinajipinda kwenda nje ili vidole vikae sawa na mistari. Ukizitenganisha nusu mbili hadi upana wa mabega, vifundo vinanyooka. Lakini ijaribu kabla ya kutumia pesa. Nunua kibodi mbili ndogo za USB zisizo na sehemu ya namba, zenye upana wa sentimita 30 hivi, chomeka zote kwa pamoja. Mkono wa kushoto unaandikia moja, wa kulia nyingine. Windows inazipokea zote, na hata Shift ya kibodi hii inafanya kazi na herufi ya ile. Chukua hizo ndogo kwa sababu kubwa zenye sentimita 45 zitagongana katikati kabla mikono haijafika upana wa mabega. Wiki mbili zinatosha kujua kama mwili wako unaupenda mkao huo.

Miguu ile midogo ya kuinua kibodi kwa nyuma, ikunje na isiguswe tena. Inakunjisha kifundo cha mkono kwenda juu, na huo ndio mkunjo unaobana mishipa. Kibodi iwe bapa, au hata iteremke kidogo upande wa mbali.

---

Rondo

Naongeza majina, kwa sababu huko madukani utayakuta. Kinesis Freestyle2 imegawanyika kabisa, nusu mbili zimeunganishwa na waya, na ni ya utando wa mpira. Logitech Ergo K860 ni kipande kimoja kilichopinda, ina miguu ya mbele inayoiteremsha nyuzi 4 au 7. Microsoft Natural Ergonomic 4000 ni ya zamani, ya waya, na kwenye mitumba huonekana. Ni pana mno, mausi inakwenda mbali, na kitufe chake cha nafasi ni kigumu kubonyeza. Kigonge chenyewe kabla ya kulipa.

Tahadhari kubwa ni Microsoft Sculpt. Ni kibodi nzuri, nyembamba, mkao wake ni sahihi. Lakini kile kidude chake cha USB kimefungamanishwa na kibodi hiyo moja kiwandani. Kikipotea hakuna cha kununua kikaingiliana nayo. Ukiikuta ya mtumba bila kidude, hata ya bure usiichukue.

Sikubaliani na Kusi kuhusu swichi. Utando wa mpira hauingii chumvi haraka, kweli, lakini njia ya umeme iliyochapwa ndani yake ikikatika umepoteza kibodi nzima, na mipira hukakamaa na joto mpaka kila kitufe kina ugumu wake. Kibodi ya swichi zinazochomoka bila kuchomelea, kitufe kimoja kikianza kutoa herufi mbili kwa kugonga mara moja, unaivuta swichi yake kwa koleo lake, unaweka nyingine, dakika moja. Agiza swichi kumi za akiba siku ileile unayonunua. Vyuma vinavyogusana ndani ya swichi za Cherry MX vimepakwa dhahabu, havishiki kutu kirahisi.

Kwa kidole chako: Cherry MX Red hubonyezwa kwa nguvu ya gramu 45, Gateron Clear gramu 35. Na kwa kuwa zinachomoka, si lazima zote ziwe sawa. Weka nyepesi kwenye A, Shift na Tab, nyingine ziache. Swichi husajili herufi zikishuka milimita 2 kati ya 4, kwa hiyo jifunze kutogonga hadi chini. Swichi za aina ya Blue usichukue: zina kelele, na wewe unasikiliza sauti.

---

Kusi

Rondo, kwa chumba ambacho dirisha linafunguliwa kutwa bado ningeogopa soketi zenyewe, maana siyo kila mtengenezaji amezipaka kitu. Lakini hoja ya kubadilisha swichi moja moja nimeikubali, na hilo la kuweka nyepesi kwenye A ni zuri. Basi aifunike kwa kitambaa kikavu usiku, aisogeze mbali na dirisha, na mara moja kwa mwezi avue vifuniko vya vitufe na kufuta kwa spiriti ya isopropili. Asitumie maji. Laptop itumike kila siku. Joto lake lenyewe linafukuza unyevu. Akitoka nayo kwenye ofisi ya kiyoyozi kwenda nje, aiache ndani ya begi nusu saa kabla ya kuiwasha, kwa sababu hewa yenye unyevu hugeuka matone juu ya chuma baridi.

---

Mnukuzi Shangani

Nawashukuru sana, wakuu. Nimepima: kiwiko sentimita 64. Maswali mawili. Ile mito ya gel ya kuegemeza mikono, ninunue? Na wakati mwingine usiku ganzi inaniamsha, ni upande wa kidole gumba.

---

Mbuyu wa Mikindani

Mto ni wa kupumzikia kiganja ukiwa umeacha kuandika. Ukiandika huku umekandamiza kifundo juu yake unabana palepale unapotaka kupalinda. Usinunue kwa sasa.

Hiyo ganzi usiichukulie kama suala la kibodi. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati inayoamsha mtu usiku ni dalili ya mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono. Ingekuwa kidole cha pete na kidogo, ningeuliza kama unaegemeza kiwiko kwenye ukingo wa meza. Nenda hospitali ya Ligula wakakupime mapema, kabla misuli ya shina la kidole gumba haijaanza kupungua. Mpaka hapo, lala kifundo kikiwa kimenyooka, usikikunje chini ya shavu, na ukiwa kazini simama dakika mbili kila nusu saa. Kazi ya saa nane igawe. Kusikiliza na kuhakiki fanya mchana, kuandika asubuhi mikono ikiwa mizima.

---

Rondo

Kimoja cha kazi yenyewe, kabla hujaanza kutumia mashine mpya. LibreOffice hugeuza alama ya ng' kuwa iliyopinda, wakati ukiandika kwenye programu nyingine inabaki iliyonyooka. Kwa kompyuta, hizo ni alama mbili tofauti, na mtafiti akitafuta "ng'ombe" au "ng'ambo" kwenye mahojiano yote anaweza kupata nusu tu. Fungua Tools, AutoCorrect Options, Localized Options, ondoa tiki ya Replace upande wa Single Quotes.

Na kama laptop utaagiza Kariakoo ije kwa basi, mwambie muuzaji achomoe betri ya nje na kuifunga peke yake, chaja isikae juu ya kioo, na kidude cha USB cha kibodi kibandikwe kwa gundi ya karatasi ndani ya boksi la kibodi. Ripoti ya betri na picha ya msinfo32 akutumie kwenye WhatsApp zikionyesha modeli ya mashine, ukaguzi wa BIOS akuonyeshe kwa video, na muda wa kurudisha uandikwe kwenye risiti: angalau siku saba tangu mzigo ufike Mtwara, si tangu ulipotoka Dar.